Namba ya Kiatu

Ndoo ilikuwa yangu, maji niliyachota mimi, na mikono iliyoyamwaga ni hii hii ninayoandikia. Naanzia hapo ili msomaji asije akanitafutia visingizio. Visingizio vyote nimeshavijaribu na hakuna hata kimoja kilichonikaa.

Tulikuwa wanawake wanne katika chumba kimoja, ghorofa ya tisa, huko Al Nahda, Dubai, upande ule ambao ukivuka barabara tu umeingia Sharjah. Vitanda viwili vya juu na chini, kabati moja, na dirisha linalotazama madirisha ya watu wengine. Mimi ni Mercyline wa Nyamira, karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Al Rigga. Everlyn, Mkenya mwenzangu wa Vihiga, alikuwa mlinzi dukani. Yuliana, Mtanzania wa Bukoba, alitandika vitanda hotelini kwetu. Wa nne alikuwa Maricel, Mfilipino, aliyepaka watu rangi za kucha katika saluni iliyo nyuma ya hoteli. Kwa kuwa alituzidi sote umri tulimwita Ate, kama Wafilipino wenzake walivyomwita, yaani dada mkubwa.

Kati ya wanne hao, mwenye mshahara mnono nilikuwa mimi, na kama hukujua ungejua ndani ya dakika tano za kukutana nami. Nililala kitanda cha chini, karibu na dirisha. Marashi yangu yalikaa kwenye rafu ambayo hakuna aliyethubutu kuweka kitu kingine. Ate Maricel ndiye aliyepata kidogo kuliko wote, na ndiye aliyecheka kuliko wote, jambo lililonikera zaidi ya nilivyokuwa tayari kukiri. Niliamini furaha ina foleni, na kwamba yeye alikuwa ameniruka kwenye foleni.

Mguuni pa kitanda chake palikuwa na boksi. Wafilipino wana desturi hiyo: aliye ughaibuni hununua boksi kubwa la karatasi ngumu, linalomfika mtu kiunoni, akalijaza polepole mwaka mzima, kisha likapelekwa kwao kwa meli. Wanaliita balikbayan. La Ate Maricel lilikuwa limeanza mwezi wa Januari na mche mmoja wa sabuni. Ukafuata mswaki, kisha nyama ya kopo, kisha taulo iliyoshushwa bei. Kila alipopata bakshishi nzuri saluni alirudi na kitu, akapiga magoti, akakitafutia nafasi.

"Ate, unafungua duka?" nilimtania.

"Ndiyo, na wateja wangu hawalipi!" alijibu, akacheka mpaka kitanda kikatikisika.

Kwa Kiswahili, ambacho alikielewa kidogo tu, nilikuwa na maneno mengine. Nilimwambia Everlyn, "Si angetuma pesa tu, watoto wanunue sabuni kwao? Sabuni inapanda meli kama mtalii." Everlyn alicheka. Mimi nilituma pesa kila mwezi, tena kwa simu, na zilifika kabla sijaweka simu mfukoni. Nilijiona mwerevu.

Siku moja Ate Maricel alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Tulizungumza Kiingereza chetu cha Dubai, chenye maneno ya Kiarabu kama yalla na khalas ndani yake. "Pesa ikifika, inakwenda kulipa," alisema. "Boksi likifika, watu wanakaa chini, wanalifungua pamoja." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto.

Kilichonishinda kabisa ni viatu. Mwenzake wa saluni aliyetoka likizo alikuwa amemletea karatasi tatu zilizokatwa kwa umbo la nyayo. Watoto wake watatu walikuwa wamekanyaga karatasi, bibi yao akazungushia penseli, akakata. Ate Maricel alizibeba nyayo hizo kwenye mkoba, akaingia nazo duka baada ya duka, akizitia ndani ya viatu kuona kama vitawatosha. Jioni moja tulitoka kazini pamoja, akaingia duka moja la Al Rigga nami nikamfuata bila kufikiri. Alipotoa mguu wa karatasi mbele ya muuzaji, nikasogea kwenye mikoba na kujifanya simjui. Nilisimama pale nikipapasa mkoba nisioutaka mpaka alipomaliza.

Sasa nifike kwenye swali.

Ilikuwa Alhamisi, mwanzo wa Oktoba. Ate Maricel alikuwa ametandaza zile nyayo kitandani, akihakikisha kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga boksi. Akaniambia kuna duka karibu na saluni linafungwa, viatu vya shule vinauzwa kwa bei ya kutupa, na kesho yake angepita tena. "Serah wako anavaa namba ngapi? Nikiona vizuri nimchukulie."

"Thelathini na tatu," nilisema, hata hajamaliza.

Serah ni binti yangu wa pekee. Anakaa na mama yangu. Thelathini na tatu ndiyo namba ya viatu nilivyomnunulia likizo yangu ya mwisho, akiwa na miaka tisa. Likizo zilizofuata niliziuza kwa kampuni ili mama amalizie nyumba. Mwaka huo Serah alikuwa na miaka kumi na miwili.

Ate Maricel aliutazama mguu mmoja wa karatasi, wa binti yake wa kati, ambaye najua alikuwa na miaka kumi na mmoja. Akautazama tena. Kisha akasema kwa upole, "Ah. Ana miguu midogo." Akazikunja karatasi na kuanza kuzungumza habari za tambi.

Mtu mwenye akili timamu angepiga simu nyumbani usiku ule ule na kumuuliza mtoto wake anavaa kiatu gani. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, boksi lake, karatasi zake, na upole wake zaidi ya yote. Kama angenicheka ningejua la kumjibu.

Jumapili ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Ilikuwa pia siku ya boksi. Watu wa kusafirisha mizigo wangepita saa kumi alasiri, na huo ndio ulikuwa mzunguko wa mwisho kwa meli itakayowahi Krismasi. Chumba kizima kilijua, maana alikuwa ametuimbia tarehe hiyo tangu Agosti. Asubuhi aliamka mapema akapika sufuria kubwa ya tambi zenye kuku na mboga. Kwao mwenye siku ndiye anayelisha watu, na tambi hazikatwi, ziwe ndefu kama maisha anayoombewa. Akalifunga boksi kwa utepe wa gundi, mizunguko sita, akaandika anwani kwa kalamu nene. Mimi na Yuliana tulimsaidia kulisukuma hadi kando ya mlango ili wabebaji wasisumbuke. Kisha akavaa gauni lake la manjano akaenda kanisani.

Kwetu sisi, mwenye siku humwagiwa maji. Mkenya anajua, Mtanzania anajua. Unavizia, unammwagia, anapiga kelele, mnapiga picha, mnakula keki. Ni mapenzi. Everlyn ndiye aliyeleta wazo, na Yuliana akasema tumsubiri bafuni, kwenye vigae, akienda kubadilisha nguo.

"Bafuni hakuna raha," nikasema. "Tummwagie hapa mlangoni, akiingia tu."

"Na boksi?" Yuliana aliuliza.

"Boksi liko mbali."

Halikuwa mbali. Lilikuwa hatua moja kutoka pale atakaposimama. Everlyn akajaza kikombe, Yuliana jagi. Mimi nikachukua ndoo ya kudekia, nikaijaza mpaka juu, nikaibeba kwa mikono miwili. Tukasikia lifti, tukasikia viatu vyake, ufunguo ukazunguka, mlango ukaanza kufunguka. Hapo ndipo niliposhusha macho nikalitazama boksi, nikaona mwandiko wake, nikasema moyoni: na liloe. Nilisema hivyo, wala sikusukumwa na mtu.

Mlango ulipofunguka wote, nikamwaga.

Kikombe cha Everlyn kilimpata begani. Jagi la Yuliana liliishia kifuani. Ndoo yangu ilimpita ubavuni kama aliyesogezwa na malaika, ikatua karibu yote juu ya boksi. "Hepi basdei!" akapiga kelele Everlyn, kisha akaona, akaziba mdomo. Maji yalikuwa yakitiririka kwenye ile anwani na wino ulikuwa unashuka nao.

Ate Maricel alisimama, nywele zimemganda usoni. Akalitazama boksi. Akanitazama mimi. Halafu akacheka.

"Kwetu pia!" alisema. "Kwetu pia tunayo! Siku ya Mtakatifu Yohana watu wanamwagiana maji barabarani, ukipita tu umekwisha, hata padri haponi!" Akamkumbatia Everlyn na maji yake yote, akamkumbatia Yuliana, akanikumbatia na mimi. "Asante," akasema kwa Kiswahili. "Sasa nipeni taulo."

Tulipojaribu kuliinua boksi, kitako kilibaki sakafuni.

Wahenga wamesema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini tulizoa. Tulizoa madaftari yaliyovimba. Tulizoa pakiti za biskuti, penseli za rangi, soksi, shampuu ndogondogo, makopo ya nyama, na mwanasesere wa kitambaa aliyenuka sabuni. Vitu vya miezi tisa vilijaa chumba, juu ya vitanda vyote vinne, na nikaona jinsi kila kimoja kilivyokuwa kidogo. Hapakuwa na kitu ambacho mimi ningekiinamia barabarani. Mapaketi ya unga wa kakao yalikuwa yamepasuka juu ya mashati meupe ya shule, mashati sita, mawili kwa kila mtoto, na kakao ilikuwa imeshaingia kwenye nyuzi. Zile nyayo za karatasi zilikuwa ndani ya viatu, kila moja kwenye kiatu chake. Nilipoivuta moja ikakatika vidoleni mwangu.

"Ate, pole sana," nilisema. "Hatukuliona boksi."

Hatukuliona. Niliwaingiza wenzangu kwenye uongo wangu bila hata kupepesa. Yuliana, aliyekuwa ameuliza habari za boksi kwa kinywa chake, alinitazama mara moja, akainamisha kichwa na kuendelea kukamua taulo. Kwa hiyo nikamfanya na yeye mwongo.

Wabebaji walifika saa kumi kamili, Wafilipino wawili wenye haraka. Ate Maricel aliwapa tambi, nao kwa ajili ya tambi walisubiri nusu saa, huku sisi tukikausha viatu kwa mashine ya kukaushia nywele. Haikuwezekana. Walikuwa na nyumba nyingine za kupita. Mmoja alisema meli inayofuata ingefika Januari, akaaga kwa heshima, wakaondoka na toroli tupu.

Ate Maricel aliwapigia simu watoto wake. Alicheka nao. Sikuelewa lugha, lakini nilielewa alipowaigiza sisi, Everlyn na kikombe, Yuliana na jagi, na mimi, mikono miwili juu kichwani. Watoto walicheka, kisha mdogo akauliza kitu kifupi ambacho mama yake alijibu kwa maneno mengi. Simu ilipokatika aliendelea kuitazama ikiwa nyeusi. Kisha akatupakulia tambi. Tulikula. Nakiri kwamba nilikula, na kwamba zilikuwa tamu.

Juma lililofuata nilijaribu kununua amani. Nilinunua boksi jipya, kubwa kuliko la kwanza. Nilinunua mashati sita, chokoleti ya bei, na chupa ya marashi kama yangu. Kila kitu alikipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Marashi aliyaweka kwenye rafu yangu, kando ya yangu, hakuyafungua. Yale mashati ya kakao niliyafua kwa mikono, kwa ndimu, kwa dawa ya kung'arisha, mpaka vidole vikachubuka, na madoa yakabaki yakinitazama. Everlyn na Yuliana walinisifu kwa moyo wangu mzuri. Hapo ndipo nilipotamani sakafu ya ghorofa ya tisa ifunguke.

Jumamosi, zamu yangu ilipoisha, nilitoka kwa mlango wa nyuma wa hoteli nikamkuta Ate Maricel mlangoni pa saluni. Hakuwa na mteja. Akaiona mikono yangu. "Mungu wangu, Mercyline, vidole gani hivi? Karani wa mapokezi? Ingia."

Nikaketi. Akaichukua mikono yangu, akailoweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, akaikausha kidole kimoja kimoja. Kazi yake ilikuwa safi na ya polepole. Alikuwa amefika kidole cha tatu, brashi nyekundu mkononi, nilipohisi siwezi tena kukaa na mikono ile ndani ya mikono yake.

"Ate," nikasema, "boksi nililiona."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua nini?"

"Ulilitazama kabla ya kumwaga. Mlango ulikuwa umeshafunguka, nilikuwa nakuona." Akapaka cha nne. "Usitikise."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya wenzako?" Sasa aliinua macho, kwa mshangao wa kweli. "Kwetu mtu akikukosea sana, humvui nguo mbele ya watu. Aibu ikimwingia mtu hadharani haitoki."

"Kwa hiyo hukukasirika."

"Nilikasirika mno. Mwanangu mdogo aliniuliza kama Krismasi na yenyewe itasubiri Januari. Siku mbili nilikuwa nakusikia unapumua kitandani kwako na nilikuchukia." Akachovya brashi, akaifuta ukingoni mwa chupa. "Halafu nikaikumbuka ile thelathini na tatu. Nikakuonea huruma."

Kuna matusi niliyowahi kutukanwa na wageni walevi pale mapokezi, kwa lugha tano, na nikatabasamu. Neno hilo lilinikuta sina tabasamu. Huruma ilikuwa kitu changu mimi. Nilikuwa nimemwonea huruma yeye miaka miwili, kwa sabuni zake na makopo yake, nikaifurahia huruma hiyo kama kiti laini. Kumbe alikuwa ameketi pale kando na kuniona nilivyo. Niliona aibu hata masikio yakawaka. Nililia, nikiwa siwezi kujifuta kwa sababu ya kucha, akanifuta yeye kwa karatasi ya saluni, bila kubembeleza, kama anayefuta meza.

"Usiguse kitu, hazijakauka," akasema. "Simu yako iko wapi?"

"Mkobani. Kwa nini?"

"Mpigie mtoto."

Akaitoa simu, nikamwonyesha jina kwa kidevu, akapiga, akaishika mbele ya uso wangu. Mama yangu ndiye aliyetokea. Baada ya salamu akaanza habari za fundi, kwamba madirisha yamechelewa. Nikamwomba Serah.

Serah alikuja, akasimama mbali kidogo na simu, mwenye heshima kama aliyeitwa ofisini. "Hujambo, mum. Pesa ya shule ilifika."

"Sijapiga kwa ajili ya hiyo. Tafuta karatasi."

"Ya nini?"

"Nataka uikanyage. Bila kiatu. Bibi azungushie penseli."

Akageuka kumtazama bibi yake kwa swali ambalo sikuliona, lakini nililijua: mum ni mgonjwa? Kisha akachana ukurasa katikati ya daftari, akauweka sakafuni. Sakafu ilikuwa mpya, ya saruji laini, niliyoilipia mimi na ambayo sijawahi kuikanyaga. Mama akainamisha simu. Mguu uliingia kwenye picha, mrefu, wenye kovu karibu na kifundo ambalo sikulijua lilitoka wapi. Kisigino kikakaa ukingoni mwa karatasi. Vidole vikatua upande wa pili, juu ya saruji.

"Haitoshi, mum," Serah alisema.

Ate Maricel alikuwa ameshika simu bila kutikisika, akitazama kando, ukutani, ili asione.

"Karatasi haitoshi," Serah alirudia. "Nitafute nyingine?"

"Ndiyo," nikasema. "Tafuta kubwa."

Nikasikia miguu yake ikienda, na bibi yake akiuliza kuna nini, naye akijibu hajui. Nilisubiri, vidole vyangu kumi nimevinyoosha hewani, rangi bado mbichi.